Benzi C-Class, BMW 3 Series, Audi A4 au Lexus IS? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua

Majibu haya ni ya mtu aliyekwishaamua kuwa anataka sedani ndogo ya kifahari, ila anazunguka kati ya nembo tatu za Kijerumani na moja ya Kijapani. Nazungumzia magari yaliyotumika, hasa yanayotoka Japani na Uingereza, kwa kuwa ndiyo tunayonunua wengi wetu Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Arusha.

Nina haraka. Nichukue lipi?

Kama mjini kwako yupo fundi wa BMW unayemwamini, chukua 320i ya kizazi cha F30 yenye injini ya B48, yaani nyingi za kuanzia 2016. Ukitaka gari lililotulia, linalompendeza hata aliyekaa kiti cha nyuma, chukua Mercedes C200 ya W205. Ukiishi Songea, Kitale au popote palipo mbali na mafundi wa magari ya Kijerumani, chukua Lexus IS 300h na ulale usingizi. Audi A4 ya B9 ni gari zuri sana ambalo naliweka nyuma kwa sababu moja tu: wanaolijua vizuri huku kwetu ni wachache.

Mpangilio huo unavunjika mara tu unapokuta gari lenye historia. A4 yenye kitabu cha huduma kilichogongwa mihuri tangu ikiwa mpya nitaichukua mbele ya 320i isiyojulikana ilikotoka, na sitafikiria mara mbili. Wanunuzi wengi huanza na nembo, wakaja mwaka, wakaja rangi, injini wakaiuliza mwisho. Anza na injini. Halafu uliza nani ataitengeneza, na gari hilo moja mbele yako limetunzwaje. Nembo itafuata yenyewe.

W205, F30, B9... haya majina yana maana gani?

Ni majina ya vizazi ambayo viwanda na mafundi huyatumia. Yajue, kwa sababu "C200" peke yake inaweza kuwa gari tatu tofauti kabisa.

Mercedes C-Class: W204 ilianza 2007, W205 ikaipokea 2014, na W206 ikaja 2021. BMW 3 Series: E90 ilianza 2005, F30 ikaanza kuuzwa 2012, G20 ikafika 2019. Audi A4: B8 ilitoka 2008, na B9 ikaanza mwishoni mwa 2015. Lexus IS: kizazi cha pili kilianza 2005 na cha tatu 2013. Kizazi cha kwanza cha IS ndicho kile ambacho Japani kiliuzwa kuanzia 1998 kama Toyota Altezza, gari ambalo vijana wa Tanzania hawahitaji kutambulishwa. Wajapani hawakuwa na nembo ya Lexus nchini mwao hadi 2005.

Kenya naruhusiwa kuagiza gari la mwaka gani?

Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinataka gari lililotumika liwe halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, liwe na usukani wa kulia, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kwa mfano, kwa mwaka 2025 magari yaliyoruhusiwa yalikuwa yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Kila Januari mlango unasogea mwaka mmoja mbele.

Maana yake ni kwamba mwagizaji wa Kenya hakutani tena na W204, E90 wala A4 ya B8 kwenye mnada. Magari hayo anayanunua kwa mtu aliye tayari humu nchini, na hapo swali linabadilika: unanunua historia ya barabara za kwetu na mikono ya mafundi wetu. Angalia pia tofauti kati ya mwezi wa kutengenezwa na mwezi wa kusajiliwa. Gari la Ulaya linaweza kukaa miezi kadhaa melini na kwenye yadi ya muuzaji kabla ya kupata namba Japani, kwa hiyo gari la "2019" huweza kuwa lilitoka kiwandani 2018 likiwa bado na vipuri vya mwaka uliopita.

Na Tanzania?

Tanzania haikuzuii kwa umri, inakutoza. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa sababu ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Ndiyo maana W204 ya 2012 inayoonekana bei ya kutupwa kwenye tovuti ya Kijapani hufika Dar ikiwa imevaa bei nyingine kabisa. Kabla ya kutuma hata senti, ingia kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, weka aina, mwaka na injini, uone jumla ya kodi. Wengi huona hapo kwamba gari jipya zaidi kwa miaka mitatu linawagharimu karibu sawa na lile la zamani.

Ukubwa wa injini unaathiri kodi kiasi gani?

Kenya, ushuru wa bidhaa kwa magari ya kawaida ya petroli ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500 na asilimia 25 ikizidi hapo. Sasa tazama jambo hili. C180 ya W205 ina injini ya lita 1.6, kwa hiyo inaangukia ngazi ya juu. C200 iliyofanyiwa maboresho ya 2018 ina injini ya lita 1.5 yenye turbo na mfumo wa umeme wa volti 48, kwa hiyo inaangukia ngazi ya chini, japo ina nguvu zaidi na jina kubwa zaidi. BMW 318i ya kuanzia 2015, yenye silinda tatu na lita 1.5, nayo imo humo, pamoja na Audi A4 1.4 TFSI.

Tanzania mstari unaotuhusu uko kwenye cc 2000: asilimia 5 chini yake, asilimia 10 ukiuvuka. Magari ya Kijerumani ya "lita mbili" yametengenezwa kwa cc 1984 hadi 1998, yanapita chini ya mstari. Lexus IS 250 na IS 300h, zote zenye cc 2500 hivi, zinauvuka.

Usinunue injini ndogo kwa ajili ya kodi peke yake, hata hivyo. 318i ikiwa na watu wanne na mizigo, ikipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, inafanya kazi kwa jasho. Inafika, lakini utajua kuwa ni silinda tatu.

Ni injini zipi niziogope?

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

BMW N20 ndiyo ya kwanza. Ni injini ya lita mbili yenye turbo iliyowekwa kwenye 320i na 328i za F30 za mwanzo. Cheni yake ya taimingi inaongozwa na vipande vya plastiki ambavyo huzeeka na kukatika. Vipande hivyo huanguka kwenye sampu ya oili na kuziba mdomo wa kunyonyea oili, na cheni ikilegea kabisa pistoni hugonga vali. Dalili ya mapema ni mluzi mwembamba upande wa mbele wa injini unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Kiwanda kilibadilisha vipuri hivyo mapema 2015, kisha B48 ikaichukua nafasi ya N20. Kwenye magari ya 2015 na 2016 injini zote mbili zipo sokoni, kwa hiyo usikubali neno la muuzaji: chukua namba ya chasi, iingize kwenye programu ya kusoma namba za BMW, uone injini na mwezi wa kutengenezwa. Ni kazi ya dakika mbili.

BMW N47, dizeli ya 320d za mwanzo, ina ubaya wa namna nyingine. Cheni yake imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Ikianza kukwaruza, lazima mashine ishushwe. B47 iliyoifuata iliboreshwa.

Mercedes M271, iliyobebwa na C180 na C200 nyingi za W204, huvutika cheni na kula meno ya gia za kamshafti, hasa pale oili ilipocheleweshwa kubadilishwa. Sumaku ndogo zilizo mbele ya injini huvujisha oili, na oili hiyo hutambaa ndani ya nyaya. Chomoa plagi zake ukague. Ukikuta unyevu wa oili, bei ishuke au uondoke. W204 pia ina kufuli la umeme la usukani ambalo hufa bila taarifa: unaingiza ufunguo, na gari halioneshi hata taa. Fundi anayejua atalitengeneza, lakini gari haliwezi kuvutwa kirahisi usukani ukiwa umefungwa.

Mercedes M274, ya W205 kabla ya maboresho, ni bora kuliko M271. Isikilize ikiwashwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkwaruzo wa sekunde chache unaotokea kisha unanyamaza ni virekebishi vya kamshafti vinavyoanza kuchoka. Muuzaji anayekuletea gari likiwa limeshapashwa moto anakunyima habari hiyo, kwa hiyo mwambie utalifuata wewe asubuhi, na uguse boneti kabla hajaliwasha.

Audi 2.0 TFSI kwenye B8, hasa za 2009 hadi 2011, hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Tiba yake ya kweli ni pistoni na ringi mpya. Kununua oili ya kuongeza kila wiki hakutibu kitu. Injini za B9 hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho.

Lexus 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5 ya IS 250, ni imara lakini hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo nyuma ya vali za kuingiza hewa hujaa masizi kwa kuwa hakuna petroli inayopita hapo kuziosha. Gari linatetemeka likiwa limesimama na kupoteza nguvu. Husafishwa, na maisha yanaendelea.

Ninaambiwa IS 250 na Toyota Mark X ni kitu kimoja. Kweli?

Injini ni ileile. Mark X 250G nayo ina 4GR-FSE, na baadhi ya Crown pia. Hii ni habari njema kwa mwenye IS 250, kwa kuwa fundi yeyote aliyewahi kufungua Mark X anaijua mashine yake, na spea za injini zimejaa Kirinyaga Road na Kariakoo. Ila gari lenyewe ni jingine: IS ni fupi, ngumu kidogo, imefungwa vizuri zaidi ndani, na kiti cha nyuma kinabana. Mark X, ambayo Toyota iliacha kuitengeneza Desemba 2019, ina nafasi zaidi na bei nafuu. Kama unabeba familia na huna haja ya nembo, Mark X ni uamuzi wa akili na hakuna wa kukucheka.

Betri ya haibridi ya IS 300h haitanifilisi?

Hofu hii imezidi ukweli. IS 300h inatumia mfumo wa Toyota uleule wa kizazi cha Prius, wenye betri ya nikeli, na hauna staata wala altaneta ya kawaida ya kuharibika. Giaboksi yake haina mikanda ya chuma kama CVT za kawaida, yaani giaboksi zisizo na ngazi za gia. Ni gia za sayari zikisaidiwa na mota za umeme. Injini yake ya lita 2.5 inapuliza petroli kwa njia mbili, kwenye njia ya hewa na ndani ya silinda, kwa hiyo masizi ya IS 250 hayaisumbui vile.

Betri inauawa na joto na vumbi. Inapoozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Watu hufunika tundu hilo kwa mizigo, matandiko ya viti na midoli, kisha wanalaumu haibridi. Safisha kichujio chake kila mara unapofanya huduma. Kabla ya kununua, mwombe fundi mwenye kompyuta akuoneshe volti za kila fungu la betri gari likiwa linatembea. Mafungu yanayokaribiana ni ishara nzuri. Moja likizama peke yake, betri imeanza safari ya mwisho.

Giaboksi ipi ni bora?

Ya BMW F30, gia nane kutoka ZF, bila ubishi. Ni laini, haina haraka ya kuharibika, na mafundi wengi wanaifahamu kwa sababu imewekwa kwenye magari ya kampuni nyingi. BMW wanasema oili yake ni ya maisha yote. ZF wenyewe, waliotengeneza giaboksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Msikilize aliyeitengeneza. Sampu yake ni ya plastiki na kichujio kimo ndani yake, hivyo hubadilishwa kwa pamoja.

Gia saba za Mercedes na gia tisa zilizofuata ni nzuri zikitunzwa. Audi B8 zisizo na quattro (mfumo wa kuvuta magurudumu yote manne) nyingi zina Multitronic, aina ya CVT yenye cheni, na hiyo nakushauri uiepuke. B9 ina S tronic ya klachi mbili zinazozama kwenye oili. Oili yake ina ratiba: kila kilomita 60,000. Ukikuta B9 yenye kilomita 110,000 na hakuna rekodi ya oili hiyo, hesabu gharama yake kwenye bei.

Dizeli je? 320d na C220d zinakula mafuta kidogo sana.

Zinakula kidogo kweli, na nguvu yake ya kuvuta inafurahisha: 320d yenye B47 inatoa torki ya Nm 400, zaidi ya 320i ya petroli kwa mbali. Kwa mtu wa Dar–Dodoma au Nairobi–Kisumu kila wiki, ni gari la kufikiria kwa uzito.

Kwa mtu wa foleni ya mjini, hapana. Kichujio cha masizi kinahitaji mwendo wa kasi wa muda mrefu ili kijichome na kujisafisha. Safari za dakika kumi na tano za kwenda ofisini hukijaza hadi gari likapunguza nguvu lenyewe. C220d nyingi pia hutumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, na tangi lake likiisha kabisa, ukizima gari haliwaki tena. Halafu kuna ubora wa mafuta. Nchi zetu zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hilo ni jema, lakini kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kumekuwa tatizo kubwa kiasi kwamba Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kuizuia. Pampu na nozeli za dizeli ya kisasa hazisamehe uchafu. Jaza kituo kimoja unachokiamini, na utunze risiti.

Petroli ya kawaida inatosha?

Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko. Ukikuta RON 95 (RON ni kipimo cha daraja la petroli) kama kiwango cha chini, tafuta petroli ya daraja la juu, kama V-Power ya Shell kwa walioko Kenya, hasa kwa injini za turbo. Injini hizi zina senso inayosikia mgongano wa ndani ya silinda na kujirekebisha, hivyo petroli ya chini mara moja moja haiui gari. Kuitumia daima, ukipanda milima na gari limejaa, ni kulitesa.

Barabara zetu na matuta zitaliruhusu?

Magari haya yote yana uwazi wa sentimita 13 hadi 14 hivi chini yake. Toleo la kimichezo, M Sport kwa BMW au AMG Line kwa Mercedes, hushushwa zaidi na huja na rimu kubwa na tairi nyembamba. Linapendeza kwenye picha. Kwenye tuta la mtaani lililojengwa na wananchi wenyewe, linakwaruza sampu. Ushauri wangu ni rimu za inchi 17, saspensheni ya kawaida, na bati la kinga chini ya injini likiwa kamili. Wengi hulipoteza kwa fundi na hawaliulizii.

BMW nyingi, na Mercedes nyingi za Japani, hazina tairi la spea. Zinavaa tairi za ranfleti, zenye kuta ngumu zinazobeba gari hata upepo ukiisha, kwa takriban kilomita 80 kwa mwendo wa taratibu. Ni ngumu, ni ghali, na kwenye mashimo hupasua rimu. Wamiliki wengi hubadilisha kwenda tairi za kawaida na gari linalainika papo hapo. Ukifanya hivyo, beba tairi jembamba la dharura kwenye buti, maana kati ya Mtito Andei na Voi usiku pampu ndogo ya umeme haitoshi.

Nafasi ya ndani inatofautiana?

Kidogo. C-Class W205, F30 na A4 B9 zote zimeandikwa buti la lita 480. Lexus ndiyo inayobana nyuma, na ya haibridi hupunguza buti pia.

Nisomeje karatasi ya mnada ya Japani?

Daraja la 4 au 4.5 ni gari safi. 3.5 ni gari lenye mikwaruzo ya kawaida, na mara nyingi hapo ndipo thamani ilipo. R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa sehemu ya fremu. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni alama ya rangi iliyorudiwa, na S ni kutu; namba inayofuata huonesha ukubwa. Herufi ya pili juu ni ya ndani ya gari.

Omba karatasi yenyewe, halisi, na maelezo ya mkaguzi yaliyoandikwa kwa Kijapani yafasiriwe yote. Neno muhimu mara nyingi limejificha pale: oili inavuja, taa ya injini inawaka, giaboksi inashtuka. Linganisha kilomita zilizoandikwa na cheti cha ukaguzi. Na ujiulize kwa nini gari la Kijerumani ni rahisi hivyo Japani: mmiliki wa kule huliuza likikaribia ukaguzi mkubwa wa serikali na matengenezo makubwa. Bili aliyoikimbia yeye unaweza kuipokea wewe bandarini.

W205 iliyogongwa ichunguze zaidi. Boneti, mabawa, milango na paa lake ni alumini, ambayo hainyooshwi kama bati la kawaida. Gereji nyingi huijaza pati tu. Pita na sumaku ukitaka, lakini kwenye alumini haitashika kokote, kwa hiyo tumia kipimo cha unene wa rangi.

Japani au Uingereza?

Japani hutoa magari yenye kilomita chache na bodi safi, ila skrini ni ya Kijapani, ramani haifanyi kazi, na redio haifiki juu ya FM yetu. BMW za F30 hubadilishwa lugha na fundi wa programu kwa gharama ya wastani. Mercedes za Japani ni ngumu zaidi. Uingereza hutoa kila kitu kwa Kiingereza pamoja na rekodi za ukaguzi wa MOT unazoweza kuzisoma mtandaoni kwa namba ya gari, na hilo ni kubwa. Ubaya wake ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Ingia chini ya gari uangalie fremu ya nyuma, hasa kwenye W204, na bomba za breki. Spidomita husoma maili.

Niko Goma, Kigali au Bujumbura. Ushauri ni uleule?

Kuhusu injini, ndiyo. Kwenu mnaendesha upande wa kulia, kwa hiyo gari la usukani wa kushoto linaingia, na wengi hulipata kupitia Ubelgiji, Ujerumani au Falme za Kiarabu. Magari yanayouzwa Dubai na Sharjah yachunguzwe kwa namba ya chasi, kwa kuwa sehemu yake ni magari yaliyoanguka au kuzama kwenye mafuriko Marekani, yakanunuliwa kutoka kwa kampuni za bima na kurembwa. Yaliyouzwa mapya Ghuba yana mfumo mzuri wa kupoza, lakini plastiki na raba zake zimepikwa na jua. Shika mabomba ya maji kwa mkono. Yakikatika kama biskuti, fanya hesabu upya.

Jaguar XE, Volvo S60, Alfa Romeo Giulia?

Nzuri kuendesha, hasa Giulia. Kwa spea na mafundi waliopo hapa, hapana.

Gari limefika. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Lipeleke kwa fundi mwenye kompyuta ya nembo hiyo, asome hitilafu zote na akuchapishie. Badilisha oili na kichujio hata kama muuzaji ameapa, kwa oili yenye kibali cha kiwanda: MB 229.5 kwa Mercedes nyingi za petroli, LL-01 au LL-04 kwa BMW kulingana na injini, VW 502 00 au 504 00 kwa Audi. Baada ya hapo rudia kila kilomita 7,000 au 8,000. Ratiba za kiwanda za zaidi ya kilomita 15,000 hazikuandikwa kwa vumbi na foleni zetu. Rejeta ijazwe kimiminika sahihi, kamwe si maji ya bomba.

Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT, wiki kisha mwaka. Tairi zenye kashata nzuri za miaka nane bado ni tairi za kutupa. Chora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni, taa na madirisha kabla hujaliegesha mjini hata siku moja.

Betri huwa imechoka na safari ya meli, hivyo huenda ukabadilisha. Kwenye BMW na Audi betri mpya lazima isajiliwe kwa kompyuta ya gari, kwa aina na ukubwa wake, la sivyo mfumo utaendelea kuichaji kama ile nzee na kuiua mapema. Fundi akikuambia hakuna haja, tafuta mwingine siku hiyohiyo, maana huyo huyo ndiye angekuja kukufungulia cheni.